Uzi: Kitenzi "demise" katika hati za nyumba. Je, nyumba hufa?

Mleta uzi (Mkomani, Lamu)

Assalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo.

Juma lililopita nililetewa hati ya kupangisha nyumba, imeandikwa kwa Kiingereza, niwasomee wenyewe. Ni nyumba ya kale ya mawe, yenye daka na vidaka vya kupendeza, na wenyewe ni ndugu watatu walioirithi kwa bibi yao. Walikuwa wamekubaliana na mgeni mmoja akae humo kwa miaka kadhaa, aitengeneze dari inayovuja na alipe kodi kila mwaka. Yalibaki kutiwa saini tu. Kijana wao, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi na ambaye Kiingereza chake si haba, alikuwa amekwisha kuwasomea nyumbani, na alipofika pale palipoandikwa kwamba mwenye nyumba "hereby demises" nyumba hiyo kwa mpangaji, akasimama. Neno hilo alilijua kutoka matangazo ya tanzia magazetini, ambako kila siku familia fulani husikitika kutangaza "untimely demise" ya mzee wao. Akawaambia wakubwa zake kwamba hati yasema nyumba inafishwa, yaani milki yao imekwisha na haitarudi. Shangazi yao mkubwa hakuuliza la pili. Aliikunja ile karatasi, akaiweka chini ya mto, akasema hapana mtu wa ukoo wake atakayeitia saini.

Sikumcheka kijana, wala siwaruhusu nyinyi mumcheke, kwa sababu nimeona watu wenye shahada wakikwama hapohapo. Neno ni lilelile moja, na kosa lake lilikuwa kudhani kwamba maana ya gazetini ndiyo mama na ya hati ndiyo mwana, ilhali ni kinyume chake.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "mittere", maana yake kutuma, kuachia kitu kiende. Kwa kuongezewa kiambishi kikawa "dimittere", kuachilia, kumpa mtu ruhusa ya kuondoka. Wafaransa wa kale wakakitamka "desmettre", nacho kikavuka bahari kuingia Uingereza pamoja na lugha ya mabwana walioiteka nchi hiyo mwaka 1066. Mahakama za Uingereza zilisema Kifaransa kwa karne nyingi, na hata sheria ya mwaka 1362 ilipoagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, waandishi wa hati hawakuacha misamiati yao, kama vile makarani wetu wasivyoacha yao. Kufikia karne ya 16 "demise" lilikuwa limeshika mizizi katika hati za ardhi likiwa na maana ya kuiachilia mali itoke mkononi mwako iende mkononi mwa mwingine, ama kwa wosia, ama kwa kumpangisha kwa muda maalumu. Hakuna maiti katika habari hiyo.

Maiti alikuja baadaye, na alikuja kwa mlango wa kifalme. Kwa Waingereza mfalme akifa ufalme haukai wazi hata dakika moja. Unahama papo hapo kumwendea mrithi. Kuhama huko wanasheria walikuita "demise of the Crown". Mtu wa kawaida aliposikia kwamba kumetokea "demise", alichokiona yeye ni jeneza, si mali inayobadilisha mkono, na kufikia katikati ya karne ya 18 neno likawa linatumika kwa kifo cha mtu yeyote mwenye heshima zake. Sisi wenyewe tumefanya hivyo hivyo: "kufariki" kwa asili yake ya Kiarabu ni kuachana, kutengana, na ndiyo maana wazee husema mtu "amefariki dunia", ameachana na dunia. Leo tunakata maneno, tunasema "amefariki" basi, na hakuna anayeuliza amefarikiana na nani.

Nitapenda kusikia wengine wanalitumiaje.

Mchangiaji wa kwanza (Malindi)

Ahsante sana, maalim. Mimi nafundisha Kiingereza, na kilio changu ni sarufi. Katika insha za wanafunzi, na hata katika barua za rambirambi za watu wazima, nakutana na sentensi ya namna hii: "Our grandfather demised last night." Nikisahihisha naulizwa: ikiwa nomino "demise" ni kifo, kwa nini kitenzi kisiwe kufa? Swali ni la haki, na kwa miaka nimekuwa nikijibu "ndivyo lugha ilivyo", jibu ambalo mwalimu hulitoa anapokuwa amechoka. Pili, nisaidiwe matamshi, maana nusu ya darasa husema "demisi".

Mleta uzi

Mwalimu, matamshi ni mepesi: "dimaiz", mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho na sauti ya mwisho ikiwa "z". Tahajia lakini ni kwa "s" siku zote, hata Marekani wanakopenda "z", kwa sababu hapa hakuna kile kiambishi cha Kigiriki kinachoandikwa "-ize". Mwisho wa neno ni sehemu ya mzizi wenyewe, kama ilivyo katika "surprise".

Ama sarufi, jibu liko katika njia ambayo neno limepita. Kitenzi kilibaki katika hati, nomino ikatoka kwenda mtaani. Kitenzi "demise" kinahitaji mambo matatu: mtu anayetoa, kitu kinachotolewa, na mtu anayepewa. Mwenye nyumba "demises" nyumba kwa mpangaji. Ukiandika kwamba babu "demised" jana usiku ukanyamaza, msomaji aliyezoea hati atangoja umwambie babu alimkabidhi nani nini. Waandishi makini wa Kiingereza hawakitumii kitenzi hicho kwa maana ya kufa. Husema "died", neno fupi lisilo na aibu yoyote. Nomino nayo katika rambirambi naona bora iepukwe, ingawa najua magazeti yetu ya Kenya yameiganda. Katika Kiingereza cha leo nomino hiyo hutumika mno kwa kuanguka kwa kampuni, kwa chama cha siasa kilichosambaratika, kwa biashara iliyokufa, na hivyo ukiitumia kwa marehemu inaweza kunusa kejeli ambayo hukuikusudia.

Kuna kosa jingine ambalo Kiswahili kingetuokoa nalo lau tungekisikiliza. Sisi tuna "kupanga" na "kupangisha", "kukodi" na "kukodisha". Kiambishi kimoja kinatosha kuonyesha nani anatoa na nani anapokea. Waingereza wana "rent" inayokwenda pande zote mbili. Lakini "demise" ni ya upande mmoja tu, upande wa mpangishaji. Nimewahi kuona barua ambamo mpangaji aliandika kwamba yeye "demised" duka kutoka kwa mwenyewe. Mpangaji hawezi. Labda yeye naye awe amempangisha mtu wa tatu.

Mchangiaji wa pili (Matondoni)

Wanangu, mimi ni mtu wa bahari, sina shahada ya lugha, lakini neno hili nimelijua kabla ya wengi wenu kuzaliwa, na sikulijua kwa tanzia. Nilipokuwa katika meli, mikataba ya kukodi vyombo ilikuwa ya namna tatu, na mmoja uliitwa "charter by demise". Maana yake mwenye chombo anakutolea chombo kitupu. Hakupi nahodha, hakupi baharia, hakupi hata mpishi. Unaajiri watu wako, unawalisha, unawalipa, unatengeneza kinachovunjika, na kwa muda wote huo chombo ni kama chako. Chombo kikigonga kingine kwa uzembe wa nahodha, anayeulizwa kwanza ni wewe uliyekikodi, kwa sababu nahodha ni mtu wako.

Namna nyingine mbili, ya safari moja na ya muda, mwenye chombo anabaki na nahodha wake na mabaharia wake, wewe unaagiza tu mzigo uende wapi. Hiyo si "demise", maana chombo hakijatoka mkononi mwake.

Hapa kwetu jambo hilo lipo siku zote bila jina la Kizungu. Mtu ana jahazi, amezeeka au hana watu, anampa mwenzake chombo na tanga lake, atafute mabaharia mwenyewe, waandikiane. Na mwingine ana jahazi na nahodha wake, wewe unapeleka mikoko au mawe, unalipa upakizi. Waulizeni watu wa Matondoni kama wanaweza kuzichanganya hizo mbili.

Mleta uzi

Nahodha, shikamoo. Umenifungua macho, kwa sababu mimi nilikuwa nikieleza kwa Kilatini jambo ambalo wewe umelieleza kwa jahazi na likaeleweka zaidi. Kipimo ni hicho hicho kwenye nyumba: je, kitu kimetoka mkononi? Mgeni anayelala katika chumba cha nyumba ya wageni pale Shela, mwenyewe akiingia kufagia na kutandika, hajakabidhiwa kitu. Ana ruhusa ya kulala tu. Mpangaji aliyepewa ufunguo na haki ya kumfungia mlango hata mwenye nyumba, huyo ndiye ambaye nyumba imekuwa "demised" kwake.

Mchangiaji wa tatu (Malindi)

Naomba kuongeza, na pia kumrekebisha mleta uzi kwa heshima. Mimi nasoma sheria. Umeandika juu ya "demise of the Crown" kana kwamba siku zote kuna mfalme aliyekufa. Mara nyingi ndivyo. Mfalme George wa Sita alipofariki tarehe 6 Februari 1952, ufalme ulihama wakati binti yake Elizabeth yuko hapa nchini kwetu, katika hoteli ya Treetops, msitu wa Aberdare, na akawa malkia kabla hata hajapata habari, aliyoipata baadaye Sagana. Na yeye alipofariki tarehe 8 Septemba 2022 ikawa vivyo hivyo. Lakini mwaka 1936 Edward wa Nane alijiuzulu ili amwoe mwanamke aliyemtaka, na sheria iliyopitishwa na bunge la Uingereza kukubali kujiuzulu kwake ilitamka wazi kwamba tangu hapo kutakuwa na "demise of the Crown". Mtu mwenyewe aliishi hadi mwaka 1972! Nadhani hakuna ushahidi mzito kuliko huo kwamba neno lenyewe halina kifo ndani yake.

La pili ni kioja cha vitabu vya zamani vya kesi. Kesi nyingi za ardhi zimeandikwa "Doe d. Fulani v. Roe", na mwanzoni nilidhani "d." ni "died", nikashangaa ni kijiji gani hicho ambacho Doe haachi kufa. Hiyo "d." ni "on the demise of". Njia ya kawaida ya kudai ardhi ilikuwa ndefu na nzito, basi mawakili wakabuni hila: mdai husema nimempangisha ardhi yangu mtu anayeitwa John Doe, naye amefukuzwa na mtu anayeitwa Richard Roe. Wote wawili hawapo, ni Fulani bin Fulani na Fulani wa pili. Mahakama ili iamue kama Doe alifukuzwa kwa haki, ilibidi kwanza iamue kama aliyempangisha alikuwa na ardhi ya kupangisha, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo. Hila hiyo ilifutwa kwa sheria mwaka 1852.

Mleta uzi

Nimerekebishika, na nashukuru. Habari ya Edward nitaikata niibandike ukutani.

Mchangiaji wa nne (Langoni, Lamu)

Mimi sioni faida. Kama "demise" ni kupangisha, kwa nini wakili asiandike "let" au "lease" ambayo hata mtoto wa shule ataielewa? Na ile orodha yao ya "demise, lease and let" ni kumlipia mtu karatasi. Maneno matatu kwa kazi moja. Shangazi wa watu amekosa usingizi kwa ajili ya mapambo.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Langoni, nusu ya maneno yako nayakubali. Ule utatu unatokana na zama zile mwandishi wa hati alipokuwa hajui msomaji wake ataelewa Kifaransa au Kiingereza, akaweka yote mawili asije akalaumiwa, kisha mazoea yakawa sheria. Hata sisi husema "shida na taabu", maneno mawili kwa jambo moja, na hakuna anayelalamika.

Nusu ya pili siikubali. "Demise" halikuwa pambo tupu. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya iliirithi kwa wingi, kutumia neno hilo katika hati kulibeba ahadi ambazo hazikuandikwa: kwamba mpangishaji anayo haki ya kutoa anachokitoa, na kwamba mpangaji atakaa bila bughudha yake wala ya watu wake. Siku hizi ahadi hizo huandikwa waziwazi au huwekwa na sheria yenyewe, na kwa hiyo mwandishi wa leo anaweza kuliacha neno bila kupoteza kitu. Linapobaki na kazi ni pale linapokuwa sifa, "the demised premises", yaani sehemu ile hasa iliyotolewa, si jengo zima. Kwenye nyumba zetu za ghorofa ambamo chini pana mwenyewe na juu pana mpangaji, tofauti hiyo si ndogo.

Na hapo kwenye "premises" nina jambo ambalo sikuweza kulizuia. Neno hilo nalo limetoka kwenye "mittere" ileile! Lilikuwa na maana ya "yaliyokwisha kutajwa mbele". Mwandishi alieleza nyumba mara moja juu ya hati, halafu chini akaendelea kusema "the premises", vile vilivyotangulia kutajwa, na watu wakadhani "premises" ndiyo nyumba. Basi "demise the premises" ni ndugu wawili wa tumbo moja waliokutana ukubwani bila kujuana. Na ukoo huo uko hapa pwani pia: misheni, komisheni, na misa yenyewe, iliyotokana na maneno ya Kilatini ya kuwaaga waumini ibada inapokwisha. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipotia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, bila shaka alikuwa nalo kinywani neno lililochimbuka mzizi mmoja na lile lililomnyima shangazi usingizi.

Mchangiaji wa kwanza (Malindi)

Basi tulitafsirije? Wanafunzi wangu wakitafuta watapata "kifo" na "kupangisha", na hakuna daraja kati ya viwili hivyo.

Mchangiaji wa tatu (Malindi)

"Kupangisha" inatosha kwa nyumba. Tukianza kutafuta neno la kibubusa tutawatia watu hofu upya.

Mleta uzi

Mimi naegemea "kukabidhi". Katika "kukabidhi" mna mkono, kwa asili ya Kiarabu ni kushika, na kitu kinatoka mkono huu kuingia mkono ule, jambo ambalo "kupangisha" halilisemi. Ufalme unaweza kukabidhiwa, jahazi laweza kukabidhiwa, na nyumba pia. Upungufu wake naujua: kukabidhi hakusemi kama kitu kitarudi. Mtu anayeuza nyumba naye huikabidhi. Na "demise" ya hati ni lazima iache mkia nyuma, kwa sababu anayetoa hutoa muda mfupi kuliko alio nao yeye. Akitoa muda wake wote bila kujibakishia hata siku moja, wanasheria huiita jina jingine kabisa, hata kama karatasi imeandikwa "demise" mara kumi. Kwa hiyo naongeza muda: "anamkabidhi kwa kumpangisha kwa muda wa miaka kadha." Ni refu. Mwanafunzi wa sheria atanisamehe.

Mchangiaji wa pili (Matondoni)

Sisi tulisema "amempa chombo mkononi". Miaka ya kurudi iliandikwa chini yake.

Mleta uzi

Nahodha, "amempa mkononi" ni nzuri kuliko zote, sema karani hataikubali.

Naona nimalizie habari ya shangazi, maana wawili wameniuliza faraghani. Nilimwandikia kifungu kile kwa Kiswahili kwenye karatasi ya pili, pamoja na kifungu cha mbele yake kinachosema kwamba muda ukitimia nyumba na vyote vilivyojengewa ndani yake vinarejea kwa wenyewe. Sikumtajia Kilatini wala Edward. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, akarudia mara mbili pale penye "vinarejea". Kisha akaniuliza kama dari nayo ni miongoni mwa vinavyorejea, au mgeni ataing'oa boriti aondoke nazo. Nikatafuta katika ile ya Kiingereza, boriti hazikutajwa. Amesema ziandikwe, moja moja kwa idadi yake, ndipo ataitoa hati chini ya mto. Kesho tunakwenda kuzihesabu.